Zabuni ya usafi wa majengo inapokwama: tafuta chanzo kabla ya kushusha bei

Kampuni ya usafi ikikosa zabuni mbili tatu mfululizo, neno la kwanza kusikika ofisini ni bei. Tuko juu, tushushe. Inashushwa, kazi inapatikana, na miezi michache baadaye mishahara inalipwa kwa mkopo. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu watu hodari wa kazi hii wanafilisika kwa njia hiyohiyo, na inauma kuwatazama. Bei mara nyingi ni mahali tatizo linapojitokeza tu. Lenyewe lilianza mapema zaidi, siku ya kutembelea jengo, pale mtu alipozunguka ghorofa zote bila kuhesabu hata beseni moja la kunawia.

Kwa hiyo kabla hujagusa namba yoyote, toa mafaili ya zabuni zako za mwaka uliopita, uandike pembeni ya kila moja ilifia wapi. Ilitolewa kwenye ukaguzi wa nyaraka? Ilikosa alama za kiufundi? Ilishindwa kwenye ulinganisho wa bei? Au ilishinda kisha ikala hasara? Vyanzo vya matatizo haya havifanani, na dawa ya moja haitibu jingine. Ukiona nyingi zimelundikana sehemu moja, nenda moja kwa moja kwenye sehemu hiyo hapa chini, mengine utayasoma baadaye.

Unatolewa kabla bei haijasomwa

Barua inasema zabuni yako haikukidhi matakwa. Sababu hapa hazina siri: aliyesaini hakuambatisha hati ya kumpa mamlaka, cheti cha kodi kiliisha muda wiki moja kabla ya ufunguzi, marekebisho ya nyaraka yaliyotumwa katikati hayakukiriwa kupokelewa, au jedwali la bei lilibadilishwa muundo ili "lipendeze". Dhamana ya zabuni, yaani hati ya benki inayomhakikishia mteja kwamba hutaikimbia zabuni yako, nayo huwaangusha wengi. Nyaraka nyingi hutaka dhamana idumu siku 28 zaidi ya uhalali wa zabuni yenyewe. Zabuni ikiwa ya siku 120, benki inapaswa kukupa dhamana ya siku 148. Ukiomba ya siku 120, umeshajitoa mwenyewe.

Dawa yake ni jedwali la mahitaji. Soma nyaraka ukiwa na kalamu, na kila unapokuta "lazima", "ambatisha" au "itakataliwa", ingiza sharti hilo kwenye jedwali pamoja na ukurasa lilipo, mtu anayelishughulikia, na ukurasa wa zabuni yako linapojibiwa. Siku moja kabla ya kufunga, jedwali hilo lihakikiwe na mtu ambaye hakushiriki kuandika, maana aliyeandika husoma kile alichokusudia kuandika. Kama zabuni inapakiwa kwenye mfumo wa mtandaoni, hesabu kwamba muda wako unaisha saa 24 kabla ya muda wao.

Nyaraka zimepita, alama za kiufundi ziko chini

Kiwango cha chini ni 70, wewe umepata 62, na bahasha ya bei inarudishwa haijafunguliwa. Chukua maelezo yako ya utekelezaji, funika jina la mteja kwa kidole, kisha usome. Kama maandishi hayo yangeweza kupelekwa kwenye jengo lingine lolote bila kubadilishwa neno, chanzo umekipata. Mkaguzi ameshasoma zabuni kadhaa zinazoahidi "wafanyakazi wenye uzoefu na vifaa vya kisasa". Hata akikupenda, hana mahali pa kukuwekea alama.

Aya kama hii humpa mahali:

"Vyoo 8 vya ghorofa ya chini, vinavyotumiwa na wageni, vitasafishwa kabla ya saa 2 asubuhi na kukaguliwa kila baada ya saa 2 hadi saa 10 jioni. Msafishaji atapaka dawa kwenye bakuli na kuiacha kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, na wakati huo atafuta mabeseni na vioo. Vitambaa vyekundu ni vya vyoo pekee, vya kijani ni vya jikoni, vya buluu ni vya ofisi. Fomu ya ukaguzi itakuwa nyuma ya mlango, na msimamizi wa zamu ataisaini."

Kuna idadi, saa, mpangilio wa kazi na mtu wa kuwajibika. Na aya hiyo haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hakufika kwenye jengo, jambo ambalo mkaguzi analitambua mara moja.

Angalia pia uzito wa alama. Kama mpango wa kudhibiti ubora una alama 25 na historia ya kampuni ina 5, historia haistahili kurasa 9 huku udhibiti wa ubora ukipewa nusu ukurasa. Eleza nani atakagua, mara ngapi, kwa fomu gani, na kasoro ikionekana itarekebishwa ndani ya saa ngapi. Ulaya kuna kiwango cha EN 13549 kinachoweka misingi ya mifumo ya kupima ubora wa huduma za usafi. Hata kama mteja hajakitaja, wazo lake linafaa popote: ubora upimwe kwa utaratibu mliokubaliana, usiachiwe jicho la yule aliyepita akiwa na hasira siku hiyo.

Kila mara bei yako iko juu

Swali la kwanza ni juu kwa kiasi gani. Zabuni za umma kwa kawaida husoma bei hadharani siku ya ufunguzi. Hudhuria, andika bei za wote, zitunze. Kama bei ya mshindi iko chini ya yako kwa asilimia 4 au 5, tatizo liko kwenye gharama za uendeshaji au faida. Kama iko chini kwa asilimia 20 na zaidi, punguzo halitakuokoa. Kuna kitu ulipima vibaya, na cha kuhoji kwanza ni ukubwa wa eneo.

Mteja hutoa ukubwa wa jengo kama ulivyo kwenye mchoro. Ndani ya namba hiyo kuna unene wa kuta, mashimo ya lifti, vyumba vya mitambo, stoo zilizofungwa na vyumba vya seva ambavyo hutaruhusiwa kuingia. Chukua mfano wa jengo lililoandikwa mita za mraba 4,000. Mtu wa haraka anachukua kasi ya mita za mraba 300 kwa saa kwa msafishaji mmoja, anagawanya, anapata saa 13.3 kila usiku, na anapanga bei juu ya hizo.

Mwenzake anakwenda na kipimo cha leza, anatoa visivyosafishwa, anabaki na 3,100. Halafu hatumii kasi moja kwa jengo zima, kwa sababu korido tupu na chumba cha mikutano chenye viti 20 havisafishwi kwa mwendo mmoja. Anagawa hivi: ofisi za wazi mita 2,100 kwa kasi ya 350, ni saa 6, korido na ngazi mita 600 kwa kasi ya 400, saa 1.5, vyumba vya mikutano na jiko mita 300 kwa kasi ya 200, saa 1.5. Vyoo havipimi kwa mita kabisa. Anahesabu vifaa: kila choo, kila beseni, kila sehemu ya haja ndogo, dakika 3 kwa kimoja. Vifaa 36 vinakuwa dakika 108, yaani saa 1.8. Jumla ni saa 10.8.

Tofauti ni saa 2.5 kila usiku, karibu moja ya tano ya kazi yote, na bado hakuna aliyepunguziwa mshahara wala sabuni iliyochakachuliwa. Kasi nilizotumia ni za kuonyesha hesabu tu. Zako zitoke kwenye majengo unayosafisha sasa: simama na saa, pima mtu wa kawaida siku ya kawaida, rudia kwa mtu mwingine. Kampuni yenye kasi zake yenyewe kwenye daftari ina nguvu ambayo kampuni ya kukisia haitaipata.

Eneo likiwa sawa na kasi ikiwa sawa, hoji vifaa na usimamizi. Mashine ya kusugulia sakafu itakayodumu miaka kadhaa isibebwe yote na mkataba wa mwaka mmoja. Msimamizi wa muda wote kwenye jengo la wasafishaji wawili ni mzigo. Agawanywe kati ya majengo matatu yaliyo jirani, na muda wake wa kusafiri uhesabiwe.

Kuna pia hali ambapo wewe huna kosa. Chukua bei ya mshindi, toa vifaa na dawa, gawanya kinachobaki kwa gharama halali ya saa moja ya mfanyakazi. Ukipata saa 6 kwa jengo ambalo haliwezekani chini ya 10, aliyeshinda ama amekosea hesabu ama amepanga kuwapunja watu wake. Kanuni nyingi za manunuzi humruhusu mnunuzi kumtaka mzabuni aeleze bei iliyo chini kupita kawaida, na kuikataa maelezo yasiporidhisha. Usishindane na huyo kwa kushusha bei. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mkataba huo huenda ukarudi sokoni kabla ya mwaka kwisha. Weka faili lako karibu.

Umeshinda, lakini hela haionekani

Hili ndilo linaloua kampuni, kwa hiyo nitalichambua zaidi ya mengine. Hasara ya mkataba wa usafi haiji kwa pigo moja. Inavuja sehemu nne au tano kwa wakati mmoja, na kila tundu peke yake linaonekana dogo.

Anza na mwezi. Kwa jengo letu la mfano, saa 10.8 kwa siku 5 ni saa 54 kwa wiki. Wengi huzidisha kwa 4 na kupata 216 kwa mwezi. Lakini mwaka una wiki 52, na 52 ukigawanya kwa 12 ni 4.33. Saa halisi ni 234 kwa mwezi. Zile 18 zilizopotea zikijumlishwa kwa miezi 12 zinakuwa 216, yaani umemfanyia mteja mwezi mzima bure kila mwaka na hakuna aliyekuibia.

Kisha likizo na ugonjwa. Nafasi moja ya kazi ina siku 260 kwa mwaka. Mfanyakazi akiwa na siku 21 za likizo yenye malipo na akaugua siku 7, anakuwepo siku 232. Kuijaza nafasi hiyo mwaka mzima unalipa kama watu 1.12. Mshahara ulioweka kwenye bei bila asilimia hiyo 12, na bila michango ya hifadhi ya jamii na bima ambayo sheria inamtaka mwajiri alipe, si gharama yako halisi.

Faida nayo huhesabiwa vibaya hata na watu wenye wahasibu. Gharama ikiwa 100 na unataka faida ya asilimia 20 ya bei, wengi huandika 120. Lakini 20 kati ya 120 ni asilimia 16.7. Ili upate 20 kamili unagawanya gharama kwa 0.8, unapata 125. Kwenye mkataba wa miaka mitatu pengo hilo ndilo lingenunua mashine mpya.

Karatasi za chooni, sabuni ya kunawia na mifuko ya taka zinafuata idadi ya watu, hazifuati ukubwa wa sakafu. Uliza jengo lina watu wangapi na wageni wangapi kwa siku. Kama mteja anataka uzilete wewe, ziweke kwenye mstari wake peke yake, kwa bei ya kila kipande au kwa kiwango cha juu cha mwezi. Zikizama ndani ya bei ya usafi, siku mteja atakapoajiri watu 60 wapya wewe ndiye utakayewanunulia karatasi.

Kazi za vipindi husahaulika kwa sababu hazionekani siku ya ziara: kuondoa na kupaka upya nta kwenye sakafu za vinyli, kuosha mazulia kwa kina, vioo vya juu vinavyohitaji ngazi au jukwaa. Hesabu saa zake za mwaka, gawanya kwa 12, ziingize. Na kama jengo lilitelekezwa, usafi wa kwanza uwe na bei yake, la sivyo mwezi wa kwanza utameza faida ya miezi mitatu.

Uliza pia habari za wafanyakazi waliopo. Baadhi ya nchi zina sheria inayokukabidhi timu ya mkandarasi anayeondoka. Uingereza, kwa mfano, kanuni za mwaka 2006 huwahamishia wafanyakazi hao kwa mkandarasi anayeingia pamoja na masharti yao ya ajira. Ukipanga bei kwa mishahara yako kisha ukarithi mishahara ya mwenzako, hesabu yote imevunjika kabla hujafagia chumba kimoja. Na kokote uliko, mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja uwe na kifungu cha kurekebisha bei pale kima cha chini cha mshahara kinapopanda.

Dalili nyingine ya tundu hili ni simu ya mteja: "Lakini mlisema mtasafisha." Ukifungua zabuni unakuta sentensi "usafi wa jengo zima". Andika kisichokuwemo kwa uwazi uleule ulioandika kilichomo: vioo vya nje, kuosha vyombo vya jikoni, kubeba taka za ujenzi, kuhamisha samani. Neno "safi" nalo lifafanuliwe. Chama cha APPA cha Marekani, cha wasimamizi wa majengo ya taasisi za elimu, hupanga usafi katika ngazi 5, ya 1 ikiwa ya juu kabisa na ya 5 ikiwa ya jengo lililotelekezwa. Ukimwonyesha mteja mizani kama hiyo na kumwuliza analipia ngazi ya 2 au ya 3, mnaongea lugha moja kabla ya kusaini.

Mteja anasema: tupunguzie

Usimjibu kwa asilimia. Ukishusha bei bila kugusa kazi, umekiri kwamba bei ya kwanza haikuwa ya kweli, na ataomba tena mwaka ujao. Punguza saa, mbele yake, kwenye jedwali.

Kwa jengo letu, ofisi za wazi zinakula saa 6 kwa siku, 30 kwa wiki. Pendekeza usafi kamili siku 3, na siku 2 zilizobaki iwe kutoa taka na kufuta madoa, saa 2 kila siku. Zinakuwa 22 badala ya 30. Umetoa saa 8 kati ya 54, karibu asilimia 15, na vyoo na jiko, ambavyo ndivyo vinavyozaa malalamiko, havikuguswa. Wengi hukubali. Anayekataa na bado anataka bei hiyohiyo kwa saa zilezile amekuonyesha mkataba utakavyokuwa.

Ofa imepelekwa, mteja yuko kimya

Hii ni ya wateja binafsi zaidi. Mara nyingi ofa ilimfikia mtu asiye na mamlaka ya kusaini, au mteja alihitaji tu bei ya tatu ya kujazia faili. Maswali yaulizwe siku ya ziara: mkataba wa sasa unaisha lini, nani atasaini mpya, na ni kitu gani kwenye usafi wa sasa kinawakera. Mtu anayekataa kujibu yote matatu, au anayetaka bei kwa simu bila wewe kuliona jengo, usimpe bei. Muda wako una gharama.

Ukurasa wa kwanza wa ofa ubebe bei ya mwezi, saa za kazi kwa wiki, kilichomo, kisichokuwemo, na tarehe bei inapoisha nguvu. Ipeleke mwenyewe na mwipitie pamoja. Ikishindikana, piga simu ndani ya wiki.

Unanyang'anywa mteja uliyekuwa naye

Mkataba wa miaka mitatu unaisha, unatangazwa upya, na unashindwa na kampuni isiyojua hata stoo ya vifaa iko wapi. Watu husingizia fitina. Zipo, sikatai, lakini soma kwanza zabuni uliyopeleka. Aliye ndani huandika kwa mkato kwa kuwa "wanatujua". Wakaguzi hawaruhusiwi kutoa alama kwa wanachokijua, wanatoa kwa kilichoandikwa. Mshindani wako amezunguka jengo zima na kamera na leza. Wewe umebadilisha tarehe kwenye zabuni ya zamani.

Saa zako pia ni za zamani. Katika miaka mitatu ghorofa moja imehamwa, nyingine imewekwa zulia, mapokezi yamepanuliwa. Pima upya kana kwamba hujawahi kufika. Kisha tumia kile ambacho wengine hawana: alama za ukaguzi za kila mwezi, idadi ya malalamiko na muda uliochukua kuyamaliza, wafanyakazi waliodumu tangu mwanzo, vyumba vilivyobadilika na ulichofanya kuhusu hilo. Kumbukumbu hizo hazikusanywi wiki ya zabuni. Zianze mwezi wa kwanza wa mkataba, na miezi 6 kabla haujaisha kaa na mteja uziweke mezani, ili kasoro atakazozitaja uwe na muda wa kuzirekebisha kabla tangazo halijatoka.

Ukikosa hata hivyo, omba maelezo kwa maandishi. Kanuni nyingi za manunuzi ya umma humpa mzabuni aliyeshindwa haki ya kuelezwa sababu, ila kwa muda mfupi tu, kwa hiyo barua itoke siku hiyohiyo. Uliza alama zako kwa kila kigezo, na jibu likija liingize kwenye faili lile ulilotoa mwanzo, pembeni ya jina la zabuni hiyo.